Harufu ya Mkaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunasoma Yohana 21:1–19, ila kwanza rudini sura ya 18, mstari wa 18.

Petro alimkana Bwana uani kwa kuhani mkuu, akiota moto wa makaa. Baada ya ufufuo, Yesu anamngoja ufukweni penye moto wa makaa tena. Neno la Kigiriki alilotumia Yohana, anthrakia, halipatikani popote pengine katika Agano Jipya isipokuwa hapo pawili. Sisi tunaopikia mkaa hapa Dar hatuhitaji mfasiri: harufu ile huganda kwenye nguo mpaka kesho yake. Petro alikana mara tatu, na mara tatu anaulizwa, "Wanipenda?" Bwana hamgombezi, wala hajifanyi kwamba hakukuwa na kitu.

Yuda naye alijuta (Mathayo 27:3). Alirudisha vipande 30 vya fedha na kukiri kosa lake wazi, pengine kwa uwazi kuliko wengi wetu. Ila alikiri kwa makuhani, nao wakamjibu ayaangalie mwenyewe.

Basi jioni tenga dakika kumi. Usianze na "nisamehe dhambi zangu zote". Sala hiyo hupita juu kwa juu. Taja siku, mahali na kitendo: "Jumanne, dukani Kariakoo, nilimpimia mama mmoja yadi tano na nusu za kitenge, nikamtoza sita." Kisha soma mstari wa 15 hadi 17 polepole, na panapotajwa Simoni weka jina lako. Jibu kwa sauti, hata kama sauti inakwama.

Kesho yake mtafute yule mama umrudishie haki yake. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu. Ukimkosa, fedha hiyo bado si yako, mpe mhitaji. Hapa ndipo wengi tunaponasa: mtu analia kwenye maombi ya Jumatano, Alhamisi asubuhi kidole gumba kinateleza kwenye kipimo kilekile.

Wengine hukawia kwa sababu wanataka kwanza wajirekebishe ndipo waje. Siku ile ya ufukweni, mashua ya Petro na wenzake ilikuwa dhiraa 200 hivi kutoka pwani, karibu mita 90. Petro aliposikia "Ni Bwana" hakuingoja itie nanga. Alijitupa majini, akafika nguo zikichuruzika, na samaki walikuwa tayari motoni.