Fomu iliyolala mezani

Jumapili, usiku

Leo ni siku ya nne fomu ya raga imelala mezani. Ni karatasi moja tu: jina la mtoto, umri, namba ya simu ya dharura, na chini kabisa mistari miwili ya saini, mmoja wa mzazi na mwingine wa mchezaji. Mwanangu ana miaka 12. Kila akipita pale anaisogeza kidogo upande wangu, akidhani simwoni.

Mama yake amekwisha sema: "Hilo ni lako, wewe ndiye uliyemletea ule mpira wa umbo la yai." Kweli, ni mimi.

Msimu uliopita, mazoezini, goti la mwenzake lilimgonga pembeni mwa kichwa. Hakuanguka wala hakuzimia. Jioni ile alizima taa ya chumbani mapema, na siku ya pili nikamkuta ameukodolea macho ukurasa mmoja wa hesabu kwa nusu saa nzima. Nilipomuuliza, alinijibu, "Sina kitu, Baba." Alikuja kukiri siku ya tano. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo. Mimi miaka yote nilidhani mtikisiko ni mpaka mtu azimie, kumbe wengi wanaoupata hawapotezi fahamu hata sekunde moja.

Lakini kilichonimaliza nguvu si goti lile. Katika siku hizo tano alikuwa amerudi mazoezini mara mbili. Ubongo ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla, na kwa watoto hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka 2011, huko Ireland Kaskazini, kijana wa miaka 14 alifariki baada ya mechi ya raga ya shule. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kuwa aligongwa zaidi ya mara moja na bado akaachwa aendelee kucheza. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa mtu kusoma kabla ya kulala.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akaniangalia kana kwamba swali lenyewe ni la kipumbavu. "Wewe si huwa unasema kaza?"

Ndiyo, nilisema. Nilisema alipochubuka goti akiwa na miaka 6, nikasema alipolia baada ya kufungwa, nikasema na kwa wapwa zangu. Sikuwahi kumwambia kwamba kichwa hakiko kwenye orodha ya vitu vya kukaziwa.

Tangu hapo nimesoma sana, labda kupita kiasi. Nimesoma habari za Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, ambaye mwaka 2002 aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani aliyefariki akiwa na miaka 50, akakuta ugonjwa wa ubongo unaotokana na mapigo ya kichwa ya miaka mingi. Omalu mwenyewe anashauri watoto wasiicheze michezo ya kugongana vikali mpaka watimize miaka 18. Nimesoma pia kwamba watafiti wa Boston walipochunguza bongo 376 za waliowahi kucheza kwenye ligi kuu ya futiboli hiyo ya Marekani, walikuta ugonjwa huo katika bongo 345. Takwimu hiyo ilinitoa jasho, mpaka nilipotulia: familia nyingi zilizotoa bongo hizo tayari zilikuwa na wasiwasi, na wale walikuwa watu wazima waliogongana kwa miaka na miaka. Haiwezi kunipimia hatari ya mtoto wa miaka 12 anayecheza siku mbili kwa wiki. Ila inanifundisha kuhesabu vitu vingine. Badala ya kungoja lile pigo kubwa linaloshtua uwanja mzima, nahesabu vipigo vidogo visivyoonekana, na vingi hupatikana mazoezini, maana siku za mazoezi ni nyingi kuliko za mechi.

Ile kofia laini ya raga tuliyomnunulia nayo ilinidanganya. Inakinga masikio na ngozi. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na huko kofia haifiki.

Wenzangu wananiambia, mpeleke kuogelea basi. Si ushauri mbaya. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku, na hakuna aliyesema lazima kuwe na kuangushana. Moyo na misuli havijui tofauti ya raga na mbio. (Ndondi sikuifikiria kabisa. Mchezo ambao kichwa ndicho shabaha yake ni mjadala mwingine.)

Ila kuna siku moja siisahau. Alimwangusha mtoto mdogo kuliko yeye, na katikati ya kuanguka nilimwona akigeuza mwili ili uzito usimwangukie mwenzake. Kisha akamwinua. Nyumbani huyu ndiye anayebamiza milango. Sijui mahali pengine ambapo angejifunza kwamba nguvu zake zinaumiza, na kwamba anaweza kuzipunguza. Labda najifariji tu.

Jana nilikwenda kwa kocha. Sikumuuliza kama mchezo ni salama, maana hilo halina jibu. Nilimuuliza ni nani ana mamlaka ya kumtoa mtoto aliyegongwa kichwa. Akasema mtu mzima yeyote aliyepo, na akitoka harudi siku hiyo hata akijisikia mzima. Nikamuuliza wanafanya mazoezi ya kugongana mara ngapi. Mara moja kwa wiki, tena kwa muda mfupi. Siku nyingine ni mbio na pasi. Angesitasita hata kidogo, fomu ingeishia jalalani.

Jioni hii nikamkalisha mwanangu. Nikamwambia nilikosea kumfundisha kukaza kila kitu, na kwamba kichwa kikimuuma nataka kujua siku hiyohiyo.

"Nikikwambia, utanitoa kwenye timu?"

Nilitamani kusema hapana. "Kwa muda, ndiyo."

"Muda gani?"

Nikamweleza kwamba mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 unasema mtu asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na kwamba sisi tutaufuata huo. Akahesabu kwa vidole.

"Mechi tatu," alisema. "Nyingi, Baba."

"Nyingi, najua."

Nikasaini mbele yake, nikamsogezea fomu na kalamu. Aliusoma ule mstari wa mchezaji, akaiweka kalamu chini, akasema anakwenda kufikiri kwanza. Bado anafikiri. Taa ya chumbani kwake inawaka.