Ukungu kwenye maboksi ya watoto wa tarantula

Hatimaye maboksi ya watoto yamevuka masika bila kuota ukungu, isipokuwa moja. Wanaofuga Pterinochilus murinus, yule tarantula (buibui mwenye manyoya) wa rangi ya chungwa wa Usambara, wanajua kwamba mkubwa hapendi unyevu, na udongo wake ukikauka kabisa hakuna hasara mradi kijibakuli kina maji. Taabu ni watoto. Mtoto hupoteza maji upesi na huweza kukwama wakati wa kujivua ngozi, kwa hiyo ule ushauri wa kupunguza maji, unaotolewa kila ukungu unapotajwa, humwondolea mfugaji ukungu pamoja na buibui wenyewe.

Hapa Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, hata boksi lisilomwagiwa tone huchelewa kukauka. Kipima unyevu cha bei nafuu nimekiondoa, maana kilionyesha namba ileile mvua ikinyesha au jua likiwaka. Kidole kikizamishwa kwenye makumbi ya nazi yaliyotandikwa ndani ya boksi husema kweli zaidi.

Ukungu ulipenda kuanzia chini ya gome la mwembe, penye mguu wa mende uliosazwa: nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, kisha vichwa vya kijivu juu yake. Niliondoa mabaki kwa kibano na kuyaoka makumbi, nao ukarudi kwa jeuri, kwa sababu vijimbegu vyake vimo hewani na makumbi yaliyookwa hayana kiumbe kingine cha kushindana navyo. Dawa za kuua ukungu sizigusi, kwa kuwa zitamdhuru buibui kabla ya kumaliza tatizo.

Kilichobadili hali kwanza ni matundu ya ubavuni, upande mmoja karibu na udongo na upande wa pili juu, ili hewa ipite badala ya kutuama chini. Drili hupasua plastiki ngumu. Msumari mwembamba uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa hutoa tundu safi, ambalo lazima liwe dogo kuliko kifua cha mtoto.

Nilikusudia baada ya hapo kumjengea jike mkubwa boksi la kioo, lakini kolembola wamenivuta kabisa. Ni wadudu weupe, wadogo sana, niliowakuta chini ya majani yaliyooza kwenye vyungu vya maua. Hula ukungu na hawamdhuru buibui. Nawafuga kwenye kopo la vipande vya mkaa vilivyolowa, kwa punje chache za mchele. Nikimimina maji huelea juu bila kulowa, nami huwamwaga moja kwa moja kwenye maboksi ya watoto. Kwa mkubwa hawafai, kwani ukavu huwaua.

Boksi moja lililobaki na ukungu ndilo lenye gome nene kuliko yote. Nimelitoa gome hilo na kuweka kigae cha chungu kilichovunjika, na mtoto ameshaanza kutanda utando chini yake.