Siku moja kwenye kituo cha kupoza umeme

Saa 12:30 asubuhi. Zamu inaanzia kwenye uzio, kompyuta baadaye. Ukitaja ulinzi wa miundombinu nyeti ya taifa, watu huwaza bunduki na kamera. Mimi nashika tochi, nainama kwenye kila mguu wa transfoma kuangalia kama mkanda wa shaba wa ethi bado upo. Ukikatwa, kengele hailii na umeme unaendelea kwenda. Siku hitilafu ikitokea ndipo mkondo unakosa njia nzuri ya kushuka ardhini, na hapo kugusa chuma chochote kituoni, hata uzio, kunaweza kuua. Mwizi anaambulia kilo chache za shaba. Sera isiyomgusa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwangu mimi, ni nusu sera.

Saa 2. Chumba cha betri: seli 55, kila moja karibu volti 2.25, jumla kama 124. Jeli ya silika, inayonyonya unyevu wa hewa inayoingia kwenye transfoma, bado ni bluu, yaani kavu. Tuendelee.

Saa 3:10 anafika fundi wa mkandarasi kupandisha toleo la programu ya ndani ya relei sita, vile vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru swichi ifunguke, yaani ikate umeme. "Kaka, ni dakika kumi tu." Jina lake limo kwenye orodha, ila kibali kinataja laptopu yenye namba tofauti na aliyobeba. Simu, kusubiri, kibali kinasahihishwa. Kisha flashi. Haiingii popote kabla ya kupita kwenye kompyuta ya ukaguzi, ile isiyounganishwa na mtandao wowote. Ndani kuna filamu mbili na mipangilio ya relei za mteja wake mwingine. Huyo mteja naye angependa kujua.

"Lakini kituo hiki hakina intaneti, hofu ya nini?" Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa 2010, ilisambaa pia kwa flashi, ikafika kwenye mitambo isiyo na intaneti. Nimeshalieleza hili mara nyingi kiasi kwamba nalisema huku nikijaza fomu.

Halafu alama ya faili, ule mlolongo wa herufi na tarakimu unaotolewa na mtengenezaji, hailingani. Faili lilikatika wakati wa kupakua. Angelipakia hivyo hivyo, pengine relei ingegoma kuwaka, na laini ya umeme ingebaki bila kinga yake kuu. Tunalitafuta upya.

Sasa ni saa 6 na nusu na hatujagusa relei hata moja. Zinafanywa moja moja: nakala ya mipangilio kwanza, kutenga nyaya zinazobeba amri ya kufungua swichi, la sivyo relei ikizinduka vibaya inazima mji, kupandisha programu, kulinganisha mipangilio mstari kwa mstari, kuingiza mkondo wa majaribio, ndipo kurudisha nyaya. Hapo kwenye kulinganisha ndipo watu huruka, na ndipo hasara ilipo, maana baadhi ya relei hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, nywila ikiwemo. Ya tatu ilifanya hivyo hivyo.

Mchana unaisha bila chakula. Relei ya nne imekamilika, na fundi anaomba modemu ya laini ya simu iachwe ikiwaka amalizie zilizobaki akiwa hotelini. Hapana. Ukraine, Desemba 2015, wavamizi walitumia nywila halali za wafanyakazi kuingia kwa mbali, wakafungua swichi, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Umeme ulirudi kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kufunga swichi kwa mkono. Mpini wetu wa chuma wa kukaza springi ya swichi umetundikwa ukutani, umepakwa grisi. Fundi ananiuliza kama huwa tunautumia. Kila mwezi, namjibu, na nampa aushike.

Giza linaingia. Nahesabu funguo, natia flashi kwenye mfuko wenye namba, nazima modemu na kuchomoa waya wake.

"Kesho naanza na hizo mbili moja kwa moja?"

"Kibali kinaisha leo saa 12."

"Kwa hiyo kipya? Na flashi tena?"

"Na flashi tena."

Anaangalia saa. Imeshapita saa 1.