Shamba letu la pamba sasa ni ngitili

Nilishuka kwenye bodaboda nikaanza kulitafuta shamba kwa macho. Mwaka 1998 nililiacha jeupe, limechoka, ukisimama mlangoni unaona mpaka kijiji cha pili. Safari hii nimekuta migunga imefunga njia, na kanga wanachakura chini yake.

Waliokulia Shinyanga watanielewa. Misitu yetu ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kumaliza mbung'o, kisha pamba ikala iliyobaki. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukawarudisha watu kwenye jambo la Wasukuma wenyewe: ngitili, malisho yanayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Kwetu, familia kadhaa zilitoa mashamba yaliyochoka yakawa ngitili ya kijiji.

Baba mdogo ndiye aliyenitembeza. Nikamuuliza miche yote hii waliitoa wapi. Akafukua kwa ncha ya fimbo chini ya mgunga mmoja, akanionyesha mashina matatu yaliyotoka kwenye kisiki kimoja kinene.

"Hiki alikikata baba yako wakati wa kufungua shamba," akasema. "Tulipanda michache tu. Mingi ilikuwa humu humu ardhini, inangoja jembe na ng'ombe viondoke."

Baba alizikwa nikiwa mbali. Nilipiga magoti nikakishika kile kisiki, na baba mdogo akageukia pembeni, akaniacha.

Huko juu hondohondo walikuwa wanapiga kelele. Utotoni ndege niliowajua walikuwa kunguru, njiwa na mwewe wa kuiba vifaranga. Watafiti wamewahi kuorodhesha aina 145 za ndege katika ngitili za Shinyanga, na mimi, mwenyeji, wengi wao siwajui hata majina. Najifunza kwa watoto wa shangazi.

Fisi nao wamerudi. Shangazi amepoteza mbuzi wawili mwaka huu, na naona si haki kumwambia afurahie msitu huku hasara anaibeba peke yake. Hilo nitalisema kwenye mkutano wa kijiji.

Usiku fisi alilia upande ule lilipokuwa shamba. Mama akatoka kuongeza miiba kwenye mlango wa zizi. Ni miiba ya migunga, aliikata humo humo ngitili kwa ruhusa ya kijiji. Nikamshikia tochi.