Asubuhi gari linapokataa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba, hapa Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, giza bado limetanda na baridi inauma vidole. Watu wasioijua Lubumbashi hudhani Kongo yote ni joto. Sisi tuko juu, kwenye mita kama 1,200, na usiku wa kiangazi kipimo kinashuka chini ya digrii 10. Nasimama barazani nimejifunga kitenge juu ya sweta, naelekeza telekomandi kwenye gari lililo mwisho wa parsele, kiwanja chetu. Nabonyeza kufuli mara moja, kisha nashikilia kitufe chenye mshale wa mviringo, kile cha kuwasha injini kutoka mbali. Moja, mbili, tatu, nne. Taa za pembeni zinamulika mara moja, zinazimika. Kimya.

Ndani, mama yangu ameshavaa koti, anasubiri. Ana pumu, na hewa ya baridi ya alfajiri ndiyo adui yake mkubwa. Jumanne na Ijumaa nampeleka kliniki kabla ya kuwafikisha watoto shule. Akiingia kwenye gari lililolala nje usiku kucha, viti kama mawe ya mtoni, anaanza kukohoa kabla hatujafika barabara ya lami. Akiingia kwenye gari lililokwisha kupata joto, anaongea na wajukuu njia nzima. Ndiyo maana kitufe hiki si anasa kwangu.

Gari alilileta yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Montreal. Lilipakiwa kwenye kontena, likashuka Dar es Salaam, likakata Zambia, likaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ni gari la familia la mwaka 2015, viti saba, usukani kushoto kama barabara zetu zinavyotaka. Yaya aliniambia kwa simu, kwa furaha kabisa, kwamba litawaka nikiwa bado jikoni. Kwao huko, majira ya baridi yakifika digrii 20 chini ya sifuri, kuwasha gari kutoka ndani ya nyumba ni jambo la kila siku. Yeye alizoea kuliwasha hata kwa programu ya simu. Hiyo programu hapa haifanyi kitu, kwa sababu huduma yake inauzwa Amerika Kaskazini na inapita kwenye mtandao wa huko. Hata Marekani kwenyewe, kampuni ya simu ya AT&T ilipozima mtandao wake wa zamani wa 3G mnamo Februari 2022, magari mengi yaliyotegemea mtandao huo yalipoteza uwezo wa kuongozwa kwa simu, ilhali injini zake zilikuwa nzima. Basi nikabaki na telekomandi ya mkononi, na juu ya hiyo ndiyo nina malalamiko.

Mwezi wa sita niliandika kwenye daftari la matumizi ya nyumba. Katika asubuhi 21, gari liliwaka 12, likakataa 9. Lingekuwa linakataa kila siku, ningelisahau kitufe na kujipangia asubuhi yangu vingine. Lakini leo linakubali, kesho linakubali, keshokutwa mama ameshasimama mlangoni ndipo linagoma.

Nilianza na betri ya telekomandi, ile ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Nikanunua mpya mjini. Siku nne njema, ya tano kimya. Nikadhani ni ukuta, nikasogea mpaka hatua kumi. Kimya vilevile. Jirani akasema labda ni mashine inayogeuza umeme wa betri za sola, kwamba inavuruga mawimbi, nikaizima. Hakuna kilichobadilika.

Fundi wetu ndiye aliyenifundisha jinsi gari linavyofikiri. Kabla ya kuwaka bila mtu ndani, linajiuliza maswali mengi: milango yote imefungwa? Gia iko kwenye P, ya kuegesha? Taa ya injini haijawaka? Kapo, kifuniko cha injini, imefungwa? Jibu moja tu likiwa baya, linakataa. Swali la kapo lipo kwa sababu ya mafundi wenyewe, ili injini isianze kuzunguka wakati mikono ya mtu iko ndani. Nakubaliana nalo kabisa. Tatizo ni kwamba jibu linatolewa na swichi ndogo iliyo kwenye komeo ya kapo, na swichi hiyo ilikuwa imejaa vumbi letu jekundu. Siku nyingine ilisema kapo imefungwa, siku nyingine ikasema iko wazi, na kapo haijaguswa na mtu.

Kinachonichoma ni hiki: gari lilijua. Kila asubuhi lilijua sababu ya kukataa, na kule barazani halikuniambia. Sababu inaonyeshwa kwenye dashibodi, kwa Kiingereza, ukishaingia na kukaa. Mimi nimesoma Kifaransa na Kiswahili. Mwanangu wa pili ndiye aliyenitafsiria, nikiwa tayari nimeshatetemeka nje robo saa.

Halafu kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio. Nilibonyeza mara mbili, nikaona kimya, nikarudi ndani kukoroga uji. Kumbe jaribio la pili lilikubali kwa kuchelewa. Telekomandi yangu haina taa wala mlio wa kunijulisha kwamba gari limewaka. Inatuma tu, haipokei. Siku hiyo gari lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, bomba la moshi likielekea dirisha la chumba cha watoto, na dirisha lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Lilinguruma hapo karibu dakika saba kabla sijalisikia. Moshi wa gari una hewa inayoua, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu ya kukuonya. Nilikimbia, nikalizima, nikawatoa watoto wote watatu na mablanketi yao mpaka kwenye baraza. Hawakupata neno, namshukuru Mungu. Toka siku hiyo gari linaegeshwa pua ikitazama nyumba, na sentineli, mlinzi wetu, anajua hilo kama anavyojua kufunga geti.

Watengenezaji wangeweka taa moja tu kwenye telekomandi. Kijani, limewaka. Nyekundu, limekataa. Zipo telekomandi za namna hiyo, za kufungwa baadaye na fundi, zinazopokea jibu kutoka garini, na natamani zingekuwa ndizo za kawaida katika kila gari linalouzwa kwa familia.

Wiki iliyopita fundi alifungua komeo, akasafisha swichi kwa dawa ya kupuliza na mswaki wa zamani, akapaka grisi kidogo. Alichukua dola 5. Asubuhi sita mfululizo gari limewaka. Lakini bado mwezi wa saba, barabara ya kwetu haina lami, na vumbi linarudi kila lori linapopita.

Kesho ni Jumanne. Ufunguo nimeutundika kwenye msumari wa mlango wa nyuma, pembeni ya koti la mama. Nitaamka saa kumi na moja, nitakwenda mwenyewe mpaka garini, niliwashe kwa mkono, nikae humo mpaka viti vipate joto.