Mikate ya Sukothi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na Waamuzi 8, pale Gideoni anavuka Yordani na watu wake 300, wamechoka hoi ila bado wanawafukuza wafalme wa Midiani, Zeba na Salmuna, wanafika Sukothi wanaomba mikate tu.

Sukothi yenyewe iko wapi leo? Kuna kilima kinaitwa Deir Alla, nchi ya Jordan, bondeni kabisa karibu na pale mto Zarqa unapotoka milimani, ndio ule Yaboki wa Yakobo. Sio kilima cha asili, ni mji juu ya mji, nyumba za matofali ya udongo zikibomoka watu wanasawazisha wanajenga juu yake, vizazi na vizazi. Wengi wanasema ndio Sukothi, na hata Talmudi ya Yerusalemu, kitabu cha zamani cha mafundisho ya Wayahudi, inaipa Sukothi jina linalokaribiana na hilo la Alla. Lakini Henk Franken, Mholanzi aliyeanza kuchimba pale 1960, hakushawishika. Halafu 1967 wakapata plasta ya ukuta imevunjika vipande vipande kwa tetemeko, imeandikwa kwa wino mweusi na mwekundu, ya kama mwaka 800 KK, na inamtaja Balaamu mwana wa Beori, yule yule nabii wa Hesabu 22! Haleluya, mimi nilisisimka kweli. Ila jina la mji wenyewe halimo.

Sasa mtaalam akisema tusubiri ushahidi, huo ni uaminifu, tusimlazimishe. Lakini wakuu wa Sukothi nao walitaka ushahidi, wakauliza kwanza, Zeba na Salmuna umeshawakamata ndio tuwape watu wako mikate? Hofu yao naielewa, wale wafalme wangerudi wangeanza na wao. Ila waliosimama pale mbele yao walikuwa na njaa, na njaa inaonekana kwa macho, haihitaji kuchimbwa. Gideoni aliporudi, kijana mmoja wa mji alimwandikia majina ya wakuu na wazee, watu 77, na hatusomi popote kwamba hata mmoja wao alitoa mkate.

Sasa wapendwa, kuna ombi la yule mama mjane limekaa kwetu muda, na sisi kazi yetu imekuwa kuuliza, ndugu zake wako wapi, mbona hajaenda kwa mjumbe, je ataweza kujitegemea baadaye. Naomba kabla ya Jumapili tumpelekee unga na mafuta, hayo maswali tutaongea naye akiwa ameshakula.