Mtoto wa Kupakatwa

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100. Unaimaliza Morogoro, unaimaliza Dodoma, Singida inakuchosha, Shinyanga nayo haiishi, ndipo uanze kuona mawe ya Mwanza. Ningekuwa peke yangu ningepanda basi bila kulalamika. Lakini mama mkwe alitaka kuwaona wajukuu wote wawili, baba yao kazi ilikuwa imembana, na mimi sikuwa na mikono ya kutosha kushuka na watoto wawili kila basi linaposimama watu wakachimbe dawa. Mume wangu akakata tiketi za ndege.

Kaunta waliomba kadi ya kliniki ili waone tarehe ya kuzaliwa ya yule mdogo. Alikuwa na miezi 9. Mtoto wa chini ya miaka 2 hana kiti, anapakatwa, na mara nyingi hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Dada yake, miaka 4, alikuwa na kiti chake mwenyewe, na alihakikisha foleni nzima imepata habari hiyo.

Kwenye ukaguzi nilikuwa nimembeba mgongoni kwa khanga. "Mama, mfungue mtoto." Nikamfungua, khanga ikapita kwenye mashine na mabegi, mimi nikapita na mtoto mkononi. Chupa ya uji wa lishe ndiyo iliyozua maneno. Afisa aliifungua, akanusa, akaniambia ninywe kidogo mbele yake. Nikanywa.

"Umetia karanga?"

"Nimetia."

Akanipitisha. Mpaka leo sijui kama lile swali la mwisho lilikuwa la usalama.

Ndege ilikuwa na viti viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine. Sisi tulikuwa kwenye vitatu: binti yangu dirishani, mimi katikati na mtoto mapajani, na pembeni mama mwingine, naye kapakata wake. Ndiyo kwanza tumeanza kuulizana majina na meno, mhudumu akafika. Samahani mama zangu, watoto wawili wa kupakatwa hawakai safu moja upande mmoja. Akatuonyesha juu: barakoa za oksijeni za viti vile vitatu zilikuwa na moja tu ya ziada.

"Mimi na mwanangu tutachangia," mwenzangu akasema.

Mhudumu alicheka, lakini alimhamisha. Mahali pake akaja baba mmoja wa makamo, mchangamfu kuliko nilivyokuwa na nguvu za kumjibu. Kabla mlango haujafungwa nilishajua idadi ya watoto wake na wanachosoma.

Nikataka kumfunga tena mtoto kwa khanga, kifuani. Hapana. Wakati wa kuruka na kutua alipewa mkanda wake mdogo, unaopitishwa kwenye mkanda wa mama. Na usije ukamwingiza ndani ya mkanda wako, mhudumu akanionya, maana ndege ikisimama ghafla ni wewe utakayembana. Sikuwahi kuliwaza hilo, na nilivyolipata picha nikaikaza mikono yangu zaidi ya ule mkanda.

Binti yangu wakati huo alikuwa na shughuli zake. Usafiri anaoujua yeye ni daladala, na kwa hesabu yake yule dada mwenye sare ndiye konda. Alipopita na vinywaji, mtoto akamnyooshea sarafu ya shilingi 200 aliyopewa na baba yake. Dada wa watu akaikataa kwa adabu. Mtoto akanigeukia: "Mama, konda ametusamehe nauli."

Mdogo alilala tulipokuwa mahali fulani juu ya Singida, na hapo ndipo baraza lilipoketi. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia: kuruka si tatizo sana, tatizo ni kushuka. Huko juu hewa ya ndani ya ndege inakuwa nyepesi kama ya mlimani. Mkianza kushuka inaongezeka uzito, inasukuma ngoma ya sikio. Mtu mzima anameza mate, kile kijia cha kutoka kooni hadi sikioni kinafunguka. Cha mtoto ni chembamba, naye hawezi kuambiwa ameze. Kwa hiyo mwamshe, mnyonyeshe. Bibi wa kiti cha mbele akageuka kusema mtoto aliyelala haamshwi. Baba wa pembeni alikuwa upande wa kliniki. Kuna sauti ya nyuma, ambayo sikuwahi kuiona uso, ilipendekeza pamba masikioni.

Nikamwamsha. Ziwa akalikataa kabisa, akajikunja na kupiga kelele zilizofika kwa rubani. Binti yangu naye akaona maji chini, akagonga dirisha: "Shusha hapo! Shusha!" Nilifungua chupa ya uji kwa mkono mmoja, baba wa pembeni akashika kikombe, mimi nikashika kijiko. Kijiko cha kwanza kiliishia kwenye shati lake la kazi. Cha pili mtoto akakimeza akiwa katikati ya kilio, akanyamaza kidogo, akatazama huku na huku, akafungua mdomo tena. Tukaenda hivyo, kijiko baada ya kijiko, mpaka magurudumu yakagusa.

Mama mkwe alikuwa nje na shemeji yangu. Nikapiga goti, nikaamkia. Akamchukua mjukuu, akamgeuza huku na huku, akayatazama masikio, akaridhika.

"Na huyu naye mlimlipia?"

"Ndiyo, mama."

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akamgeukia shemeji. "Wewe, umesikia? Mtoto wa kupakatwa! Kwani alikalia nini?"